Paa Linalovuja Kimya

Mtu aliyelelewa chini ya bati hahitaji kuambiwa kwamba paa limetoboka. Mvua ikishika, tone la kwanza linaanguka kwenye godoro, la pili kwenye daftari la mtoto, na radi ya tatu inapopiga, mama amekwishatoa sufuria na ndoo za nyumba nzima. Asubuhi yake kijana anapanda juu na kipande cha mpira, lami kidogo na misumari. Tundu na tone viko kwenye mstari mmoja, na kosa linajitangaza saa ile ile linapotokea. Elimu hiyo tumeibeba watu wa Mwanza, Kisumu, Bukavu na Mombasa mpaka hapa Auburn, magharibi mwa jiji la Sydney, na hapa inatupotosha.

Ukipita Auburn kwa treni ya kwenda Parramatta, utaona kuba na minara ya Msikiti wa Gallipoli uliojengwa na Waturuki, na kuuzunguka, mitaa ya nyumba za chini zilizojengwa enzi za babu zetu. Nyingi zimeezekwa vigae vyekundu vya udongo wa kuchoma. Chini ya vigae kuna mbao za papi na kenchi, chini ya kenchi kuna matandiko mazito ya nyuzi ya kuzuia joto na baridi, halafu ndipo inakuja dari. Kati ya kigae na dari kuna uwazi wenye giza ambao mtu anaweza kuishi chini yake miaka kumi bila kuuchungulia. Maji yakipenya juu ya mgongo wa paa hayaanguki kitandani. Yanafuata kenchi, yanateremka nayo mita mbili au tatu, yanadondokea kwenye nyuzi, nyuzi zinayanyonya na kuyashika. Mvua ya kesho inaongeza, ya wiki ijayo inaongeza. Siku doa la kahawia linapotokeza kwenye dari, limetokeza katika chumba kingine kabisa, na mbao zilizo juu yake huenda zimeloa na kukauka, zikaloa tena, kwa misimu kadhaa.

Kwa hiyo ninachotaka kusema ni hiki: katika nyumba za namna hii, doa kwenye dari si dalili ya kwanza ya paa bovu. Dalili nyingine zimekwishapita mbele yetu bila sisi kuziona. Na kwa kuwa wanaolala chini ya doa mara nyingi ni wapangaji, wengi wao wageni wanaoogopa kumuudhi mwenye nyumba, doa lenyewe nalo linaachwa. Nimewasikia wazee wetu wakisema, “Acha tu mwanangu, ni doa, halidondoshi.” Ninaamini ukimya huo unatugharimu zaidi ya kodi tunayoogopa kuongezewa.

Tuanze na kuangalia. Paa la vigae hukaguliwa kwanza kutoka barabarani, upande wa pili, miguu ikiwa chini. Mstari wa juu kabisa wa paa, pale pande mbili zinapokutana na kufunikwa na vigae vya kofia, unapaswa kunyooka. Ukiona umebonyea katikati, tatizo halipo kwenye vigae. Kenchi zimechoka, au papi zimeoza, au nyumba iliyokuwa na paa jepesi iliezekwa upya kwa vigae vizito bila kuongezewa nguvu. Kisha tazama zile kofia zenyewe. Zimekalishwa juu ya saruji na mchanga, na saruji hiyo huzeeka haraka kuliko kigae. Kigae cha udongo kilichochomwa vizuri kinaweza kupita miaka hamsini, hata zaidi, lakini saruji iliyo chini ya kofia hupasuka mapema zaidi, kwa sababu mbao hutanuka na kusinyaa kila msimu na saruji haijui kunyumbulika. Vipande vyake huteleza na kuanguka kwenye gata au kwenye majani ya uani. Ukiokota kipande cha saruji chenye rangi ya kigae karibu na ukuta wa nyumba, umepata taarifa ya mapema kuliko doa lolote.

Simu ya mkononi yenye kamera ya kuvuta mbali inatosha kwa kazi hii. Vuta picha pale pande mbili za paa zinapoingiana kwa ndani na kufanya bonde. Mafundi wa Dar es Salaam huliita vali. Chini yake kuna bati lililokunjwa, na majani ya miti yakijirundika hapo hushika unyevu mpaka bati linaliwa na kutu kutoka juu huku hakuna anayeliona. Tafuta kigae kilichoteleza kutoka kwenye safu yake, au kilichopasuka pembeni. Kigae kilichopasuka mara nyingi kilikanyagwa: na fundi wa antena, fundi wa kiyoyozi, au waliofunga paneli za sola. Wao walimaliza kazi yao, wakaondoka. Ndiyo maana ninaona ni haki kabisa kuomba picha za paa kabla na baada ya mtu yeyote kupanda juu yake.

Halafu gata. Nyasi zikiota ndani ya gata, hiyo si bustani. Maji yasipopata njia ya kushuka kwenye bomba hurudi nyuma, yanaingia chini ya safu ya mwisho ya vigae, yanaozesha ubao wa pembeni na kuteremka ndani ya ukuta. Michirizi ya kahawia kwenye ubao huo, au rangi inayobabuka chini ya ukingo wa paa, imetoka huko. Hapa matengenezo ni rahisi kuliko yote, na hapa pia ndipo uzembe unapofanya uharibifu mkubwa kwa fedha kidogo iliyookolewa.

Ndani ya nyumba, macho yaende kwenye kona na mahali dari inapokutana na ukuta. Rangi iliyotutumka, harufu ya unyevu isiyoisha hata madirisha yakifunguliwa, dari inayoshuka katikati ya chumba. Ila tutofautishe: vitone vyeusi juu ya dari ya bafu au jiko mara nyingi ni ukungu wa mvuke, na paa halina hatia, feni na dirisha ndiyo dawa. Doa la paa lina ukingo, kama ramani, pete juu ya pete, kwa sababu kila mvua huacha mpaka wake. Njia bora ninayoijua ya kulipima ni penseli. Zungushia doa mstari, andika tarehe juu ya mstari, piga picha. Mvua ikinyesha tena, tazama kama limevuka. Likivuka kila mvua, kuna tundu. Likivuka pale tu mvua inapokuja na upepo mkali, huenda vigae ni vizima lakini chini yake hakuna karatasi ya kuzuia maji, jambo la kawaida katika nyumba za zamani, na mvua inasukumwa na upepo kupita katikati ya kigae na kigae.

Kama kuna mlango wa kuingilia darini na ngazi imara, mtu anaweza kuchungulia mchana, taa zikiwa zimezimwa. Vipenyo vya mwanga vitajionyesha vyenyewe. Kisha awashe tochi na kufuata michirizi myeusi kwenye kenchi, kutoka chini kwenda juu, kwa maana maji yalishuka na sisi tunayatafuta kwa kupanda. Asikanyage dari. Dari nyingi za nyumba za zamani za Sydney zilitengenezwa kwa plasta iliyotiwa nyuzi za katani, zao lile lile lililoifanya Tanga ijulikane duniani; ni nzuri, zina mapambo, lakini hazikuundwa kubeba mtu, na zikiloa huwa nzito na kuanguka kwa kipande kizima. Na dari ikitutumka kwa maji, au maji yakitokea kwenye shimo la taa, umeme wa chumba hicho uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya kutafuta ndoo.

Juu ya paa lenyewe tusipande. Ninajua kwetu kijana hupanda peku na kushuka salama, lakini kigae kilicholowa na kuota ukoga huteleza kuliko bati, na kila hatua isiyo ya fundi inaweza kupasua kigae kingine.

Vigae hivi vina historia inayofaa kujulikana na anayeishi chini yake. Mwishoni mwa karne ya 19 vilianza kuletwa Sydney kwa meli kutoka Ufaransa, vigae vya mtindo wa Marseille vyenye migongo na mifereji inayoshikana. Vita Kuu ya Kwanza ilipokatiza safari za meli, kampuni ya Wunderlich ikaanza kuvitengeneza huku huku, Rosehill, jirani na Auburn. Baada ya Vita Kuu ya Pili vikaja vigae vya saruji, vya bei nafuu, ambavyo rangi yake ya juu huchakaa na kuviacha vikinywa maji. Mtu akikuambia “paa lako linahitaji kupakwa rangi tu,” muulize kwanza kofia zimekaaje na vali ikoje. Rangi juu ya saruji iliyopasuka ni gharama bila matengenezo.

Kuna paa jingine la Auburn ambalo linataka tahadhari ya aina yake. Kampuni ya James Hardie ilikuwa na kiwanda chake kikubwa Camellia, ng'ambo tu ya mto Duck, na kwa miongo mingi karatasi zake za saruji yenye asbesto zilijenga kuta, kingo za chini za mapaa na vibanda vya uani katika vitongoji hivi. Australia ilipiga marufuku kabisa asbesto tarehe 31 Desemba 2003, lakini kilichojengwa kabla ya hapo bado kipo. Karatasi nzima iliyopakwa rangi na isiyoguswa haina hatari kubwa. Iliyopasuka, inayomomonyoka au inayotobolewa na drili hutoa vumbi linaloua mapafu baada ya miaka mingi. Kuosha paa la asbesto kwa mashine ya maji ya nguvu ni kosa kisheria katika jimbo hili la New South Wales. Wasomaji wa Nairobi na Dodoma nao wanayajua mapaa haya kwenye shule na nyumba za zamani za serikali, na sumu ni ile ile.

Sydney ina mvua za kulijaribu paa. Tarehe 14 Aprili 1999 mvua ya mawe iliyopiga vitongoji vya mashariki ilivunja mapaa ya maelfu ya nyumba, na kwa wiki nyingi jiji lilionekana kutoka angani likiwa limefunikwa maturubai. Tarehe 20 Desemba 2018 mawe yaliangukia magharibi, huku kwetu. Mwaka 2022 ukawa mwaka wenye mvua nyingi kuliko wote katika kumbukumbu za jiji, zaidi ya milimita 2,500 katikati ya Sydney, na hapo mapaa yaliyokuwa yakivuja kimya yakafichuka kwa pamoja. Bima hulipa dhoruba; uchakavu kwa kawaida hailipi. Mwenye nyumba aliyeacha vali ikaliwa na kutu anaweza kukataliwa dai lake hata kama siku maji yalipoingia kulikuwa na dhoruba kweli. Kwa sababu hiyo mpangaji anayetoa taarifa mapema anamfanyia mwenye nyumba hisani, na wenye nyumba wenye busara wanalijua hilo.

Maji yanayoingia juu hayaishii juu. Mji Mkongwe wa Zanzibar unatufundisha hilo kwa uchungu. Nyumba zake zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake na mapaa yake hubebwa na boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani. Paa likivuja, maji hutafuta ukuta, na boriti huoza pale pale kwenye ncha iliyofichwa na jiwe, mahali jicho halifiki. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilipoteza kipande chake mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka na kuua watu wawili. Sidai kwamba paa peke yake ndilo lililoliangusha. Lakini jumba lile lilikuwa limeonyesha uchakavu mbele ya macho ya mji mzima kwa miaka, na marekebisho yalipoanza, muda ulikuwa umekwenda mno.

Turudi Auburn, kwenye hofu ya mpangaji, kwa kuwa ujuzi wote wa kofia na vali hausaidii kitu ikiwa mdomo umefungwa. Sheria ya Upangaji wa Makazi ya New South Wales ya mwaka 2010 inalitaja paa linalovuja vibaya kuwa tengenezo la dharura. Tangu Machi 2020 sheria inadai pia kwamba nyumba ya kupangisha iwe na paa na dari visivyopitisha maji. Ukimjulisha mwenye nyumba au wakala wake, ukampa nafasi ya kutosha, naye asifanye kitu, unaweza kumwita fundi mwenye leseni na kudai urudishiwe hadi dola 1,000 ndani ya siku 14. Mkishindana, baraza la jimbo la kuamua migogoro, NCAT, husikiliza kesi hizi, na mtu anaweza kwenda bila wakili.

“Lakini atanifukuza.” Jibu hili nimelisikia misikitini, makanisani na kwenye harusi, na kwa miaka mingi lilikuwa na ukweli mzito, maana mpangaji aliweza kuondolewa bila kuelezwa kwa nini. Tangu tarehe 19 Mei 2025 hilo limeondolewa: katika jimbo hili mwenye nyumba lazima awe na sababu inayotambuliwa na sheria. Kodi bado inaweza kupandishwa, ila si zaidi ya mara moja katika miezi 12, na ongezeko la kupindukia linaweza kupingwa. Hofu haitaisha kwa sababu ya kifungu cha sheria, najua. Mama mwenye watoto wanne na mshahara wa kufanya usafi usiku hapimi mambo kama mwanasheria. Ila watoto hao ndio wanaopumua ukungu wa dari iliyoloa, na wenye pumu huumia kwanza.

Wanaoishi kwenye maghorofa madogo ya matofali, yale ya ghorofa tatu bila lifti, wana shida yao tofauti. Paa la jengo zima ni mali ya pamoja, na sheria ya mwaka 2015 ya majengo ya namna hiyo inaupa ushirika wa wamiliki wajibu wa kulitunza. Anayekaa juu kabisa ndiye anayeliona doa. Anayekaa chini hutakiwa kuchangia na hajui kwa nini. Hapo huzuka mabishano ya miaka. Mwenye fleti ya chini anapaswa kuombwa apande ngazi aone dari ya jirani yake kwa macho.

Nyumba njema si mlango, tunasema, na hata hivyo siku ya kwenda kuitazama nyumba tunapima vyumba, tunafungua kabati, tunauliza kituo cha treni kiko umbali gani. Ni wachache wanaoinua macho. Ningependa tuwe watu wanaoinua macho kabla ya kusaini, na wanaoandika kwenye fomu ya hali ya nyumba kila doa walilolikuta, kwa sababu doa lisiloandikwa siku ya kuingia linaweza kuhesabiwa la mpangaji siku ya kutoka.

Kuna pia wanaogonga mlango. Mtu haijui nyumba yako, amepita tu, anasema ameona kofia za paa lako zimelegea na leo yuko na nafasi, leta taslimu. Mzee asiyejua Kiingereza vizuri ndiye anayelengwa. Kazi ya ujenzi wa nyumba inayozidi dola 5,000 inahitaji fundi mwenye leseni na mkataba wa maandishi, na malipo ya awali hayaruhusiwi kupita asilimia 10. Leseni inaweza kuthibitishwa kwenye tovuti ya serikali ya jimbo kabla hujatoa hata senti.

Haya yote ni magumu kwa mtu mmoja, na si lazima yawe ya mtu mmoja. Katika Kenya ya kati, miaka ya 1960, akina mama walianzisha vikundi vya mabati: walichanga, wakamwezekea mmoja, kisha mwingine, mpaka nyasi zikaondoka juu ya nyumba zao zote. Paa lilikuwa jambo la kikundi. Vyama vyetu vya Auburn na Granville vinachanga kwa ajili ya misiba, harusi na tiketi za ndege, na ni vizuri. Lakini sijaona chama kinachochanga kumlipa fundi mwenye leseni aende nyumba tano za wanachama kwa siku moja, akague, apige picha na kuandika ripoti. Gharama ikigawanywa ni ndogo, na barua ya mpangaji iliyoambatanishwa na ripoti ya fundi haipuuzwi kirahisi. Kijana mmoja katika kila chama anaweza kufundishwa kupiga picha za gata na vali kutoka chini na kuwaandikia wazee barua zao.

Jambo hili linawahusu pia ndugu zetu wanaojenga Kibaha, Kitengela na Entebbe. Nyumba mpya zinaezekwa mabati ya rangi yenye sura ya vigae, na ndani zinawekwa dari za jipsamu zenye taa zilizozama. Kwa dari hizo wameziba masikio yaliyokuwa yakiisikia mvua. Msumari uliolegea juu sasa utavujia ndani ya dari, si kitandani, na jipsamu itakunywa maji polepole mpaka ishuke. Anayejenga aache mlango wa kuingilia darini, kitu ambacho mafundi wengi hukiruka kwa sababu kinaharibu mapambo.

Kwa wa Auburn, dhoruba kali huzidi kuanzia Oktoba hadi Machi, na wakati huo simu ya 132 500 ya kikosi cha dharura cha SES hulemewa na maturubai yote hufungwa kwa zamu. Agosti kwa kawaida ni miongoni mwa miezi mikavu, mafundi wanapatikana, na bei hazijapanda. Barua ya kumwandikia wakala haihitaji ukali wala maneno mengi: chumba gani, doa lina upana gani kwa sentimita, lilionekana tarehe gani, liliongezeka baada ya mvua ipi, picha hizi hapa, naomba fundi mwenye leseni akague paa na nijulishwe siku atakayokuja. Itumwe kwa maandishi, na nakala itunzwe. Anayetaka kusema kwa mdomo apige 131 450, huduma ya taifa ya wakalimani, aombe mkalimani wa Kiswahili, kisha aunganishwe na ofisi ya wakala.